Somo la Maneno: Kuacha, Kuachishwa na Kufukuzwa Si Kitu Kimoja



Somo letu la safari hii ni la maneno. Najua wengine watanung'unika, "Sisi tunataka habari za mshahara, huyu anatuletea Kiingereza." Ngojeni kidogo. Leo mtaona ya kuwa neno moja la Kiingereza laweza kula mshahara wa miezi miwili kwa dakika moja, na mwenye mshahara amekaa pale pale anatazama, tena ametia saini kwa mkono wake mwenyewe.

Katika kambi zetu, mtu akitoka kazini sisi tuna neno moja tu: "Amefukuzwa." Aliyeiba sukari, amefukuzwa. Aliyezeeka, amefukuzwa. Aliyepunguzwa kwa sababu mashine mpya imekuja, amefukuzwa. Hata aliyegombana na nyapara akachukua blanketi lake akaenda zake, tunasema amefukuzwa. Na wale wenye Kiingereza kidogo huwaita wote hao "dismissed".

Lakini ofisini hawasemi hivyo. Karani ana maneno saba au manane, na kila neno ni mlango wake. Mlango huu unatokea kwenye pesa. Huu unatokea kwa Ofisa wa Kazi. Huu unatokea barabarani, mikono mitupu. Mfanyakazi asiyejua maneno anasukumwa kupitia mlango ambao tajiri ameuchagua. Somo letu ni kuijua milango hiyo.

YALIYONIPATA MIMI

Kabla sijafundisha wengine, nitasema aibu yangu.

Mwaka 2009 nilikuwa nikifanya kazi katika kiwanda cha chai hapa Uganda, sehemu ya kukausha majani. Nilikuwa na miaka 6 kazini. Mwezi mmoja ikaletwa mashine mpya, na kazi iliyofanywa na watu wengi ikaweza kufanywa na wachache. Asubuhi moja nyapara akasoma majina 14, akatuambia twende ofisini.

Karani alikuwa na karatasi 14 mezani, na bahasha 14 za pesa kando yake. Akasema, "Tia saini hapa, uchukue pesa zako." Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mimi nilimaliza darasa la saba, na pale katika mstari nilijulikana kama msomi. Niliitazama karatasi kama mtu anayesoma. Niliona jina langu, nikaona tarehe, nikaona neno "resign", na sikulijua vizuri. Lakini niliona haya kuuliza mbele ya wenzangu. Nikatia saini. Katika bahasha mlikuwa na mshahara wa siku nilizofanya kazi mwezi ule, basi.

Nyuma yangu alikuwa mzee mmoja wa West Nile aliyekuwa na miaka 17 katika kiwanda kile. Yeye hakujua kusoma hata kidogo, na hakuona haya. Akamwambia karani, "Mwanangu, nisomee." Karani akasema, "Mzee, ni karatasi ya pesa tu." Mzee akasema, "Basi kama ni ya pesa, itasomeka upesi." Akaitwa dereva mmoja aliyejua Kiingereza. Dereva akasoma, akamwambia kwa Kiswahili: "Inasema ya kwamba wewe mwenyewe kwa hiari yako umeacha kazi."

Mzee akaiweka karatasi mezani polepole. Akasema, "Mimi sikuacha kazi. Kazi ndiyo imeniacha mimi. Andikeni hivyo, nitaweka kidole."

Hakuweka kidole siku ile. Alienda kwa katibu wa chama, na katibu akaenda naye kwa Ofisa wa Kazi wa wilaya. Mwishowe mzee yule alilipwa mishahara ya miezi 3 badala ya notisi, na nauli ya kurudi kwao pamoja na watu wake. Mimi niliposikia habari hizo nilikuwa nimekwisha kukaa nyumbani zaidi ya miezi 4. Nikakimbia kwa Ofisa wa Kazi. Akaisoma karatasi yangu, akatikisa kichwa. Akasema, "Sheria inakupa miezi 3 ya kuleta mashtaka, nayo imepita. Na hapa wewe mwenyewe unasema uliacha."

Hivyo ndivyo msomi wa darasa la saba alivyoshindwa na mzee asiyejua kusoma. Yeye alijua kwamba hajui, naye aliuliza. Mimi nilijifanya ninajua.

MASWALI MAWILI YANAYOFUNGUA KILA NENO

Tangu siku ile nimejifunza ya kuwa maneno yote haya, hata yawe mengi vipi, hufunguliwa kwa maswali mawili tu. Kila mwanachama ayashike kichwani:

La kwanza: Ni nani aliyemaliza kazi, mimi au tajiri?

La pili: Kwa sababu gani? Ni kosa langu, au ni jambo lingine?

Kiswahili chetu chatusaidia hapa kuliko Kiingereza, maana sauti ndogo katikati ya neno inaonyesha mwenye tendo. "Nimeacha kazi" maana yake nimetenda mimi. "Nimeachishwa kazi" maana yake nimetendwa, yuko mwingine aliyefanya. Kila mtu ajua tofauti ya mke aliyemwacha mume na mke aliyeachwa: wote wawili hawamo nyumbani, lakini wazee wakikaa barazani kuamua habari ya mahari, watauliza kwanza ni nani aliyemwacha mwenzake. Kazi nayo ni hivyo hivyo. Sasa tuyatazame maneno moja moja.

1. "RESIGN" – KUACHA KAZI MWENYEWE

Nani amemaliza? Mfanyakazi. Kwa sababu gani? Kwa hiari yake. Hili ndilo neno lililonila mimi. Ukisema umeacha kazi mwenyewe, wewe humdai tajiri notisi; tena wewe ndiye unayepaswa kumpa yeye notisi. Halafu huwezi kusema umeonewa, maana hakuna aliyekutoa.

Lakini sheria yetu haikufumba macho. Kama tajiri amekutendea mambo yasiyovumilika mpaka ukaondoka, Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inahesabu ya kuwa ni tajiri aliyekutoa, ingawa miguu iliyotembea ni yako. Ila itakubidi kuonyesha mambo hayo. Kwa hiyo usiondoke kwa hasira kimya kimya. Njoo tawini kwanza.

2. "DISMISS" – KUFUKUZWA KWA KOSA

Nani amemaliza? Tajiri. Kwa sababu gani? Kosa la mfanyakazi, tena kosa linaloweza kuthibitishwa. Sheria ya 2006 imetenga neno hili kwa maana hiyo. Kwa hiyo si kila aliyetolewa ni "dismissed". Ukikubali kuitwa hivyo bila kosa, umekubali kupakwa matope, na tajiri mwingine akisikia neno hilo atauliza, "Huyu aliiba nini?"

Tena tajiri hawezi kukufukuza kwa kosa kama anavyofukuza kuku jikoni. Kabla ya kuamua, sheria inamtaka akueleze kosa lako katika lugha unayoweza kuielewa, akupe nafasi ya kujibu, na wewe una haki ya kuwa na mtu mmoja uliyemchagua akae nawe. Mtu huyo aweza kuwa mjumbe wa chama. Asipokusikiliza, atalipa mshahara wa wiki 4 kwa kosa hilo la kutokusikiliza peke yake, hata kama sababu ya kukufukuza ilikuwa ya haki. Shikeni jambo hili: haki ya kusikilizwa ni ya kila mtu, mwenye kosa na asiye na kosa.

3. "SUMMARY DISMISSAL" – KUFUKUZWA PAPO HAPO

Watoto wetu shuleni husema "summary" ni muhtasari, yaani habari ndefu iliyofupishwa. Na hapa kilichofupishwa ni notisi. Ni kufukuzwa bila notisi, au kwa notisi pungufu. Sheria inakubali jambo hili pale tu mfanyakazi anapokuwa amevunja mkataba wake kutoka kwenye msingi. Kuchelewa dakika 10 si msingi. Kusahau buti si msingi. Ukiona maneno haya mawili pamoja katika barua, jua kwamba tajiri anakutia katika mlango mbaya kuliko yote. Usikae na barua hiyo hata siku mbili.

4. "TERMINATE" – KUACHISHWA BILA KOSA

Neno hili limetoka katika Kilatini, na maana yake ni mpaka au mwisho. Katika Sheria ya 2006 maana yake ni kwamba tajiri amemaliza kazi kwa sababu ya haki isiyokuwa kosa la mfanyakazi: kwa mfano, mkataba umefika mwisho, au umri wa kustaafu umefika.

Hapo ndipo notisi inapoingia. Kipimo ambacho sheria imeweka ni hiki, na tajiri haruhusiwi kushuka chini yake:

Aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 lakini hajafika mwaka 1: notisi ya wiki 2.
Aliyepita mwaka 1 lakini hajafika miaka 5: notisi ya mwezi 1.
Aliyefika miaka 5 lakini hajafika miaka 10: notisi ya miezi 2.
Aliyefika miaka 10 na kuendelea: notisi ya miezi 3.

Tajiri akitaka uondoke leo, aweza kukulipa mshahara wa muda huo badala ya notisi. Sasa mwaweza kunihesabia hasara yangu: miaka 6 kazini ni miezi 2 ya mshahara. Na mzee wetu wa miaka 17, miezi yake 3 ilitoka hapo.

5. "REDUNDANT", "RETRENCH" – KUPUNGUZWA

"Redundant" nalo lina asili ya Kilatini, na asili yake ni maji kufurika. Yaani mto umejaa, maji yamezidi, mengine yanamwagwa nje. Wewe ndiwe maji. "Retrench" maana yake ni kukata na kupunguza. Watu wa Uganda walilizoea katika miaka ya 1990, wakati serikali ilipopunguza watumishi wake kwa wingi.

Katika maneno haya hakuna kosa la mfanyakazi. Kuna mashine mpya, kuna soko baya, kuna kampuni kugeuza mpango wake. Sheria ya Uganda yenyewe hutumia neno lingine, "collective termination", yaani kuachishwa kwa wengi pamoja. Tajiri akikusudia kuachisha watu 10 au zaidi katika muda usiozidi miezi 3 kwa sababu za namna hiyo, ni lazima akieleze chama mapema: sababu ni nini, watu ni wangapi na wa kazi zipi, na itachukua muda gani. Tena ni lazima amwandikie Kamishna wa Kazi.

Sasa rudini katika hadithi yangu. Sisi tulikuwa watu 14, na tulitolewa siku moja. Kama karatasi zetu zingesema tumepunguzwa, ingebidi chama kiitwe na Kamishna aandikiwe. Lakini karatasi zilisema kila mmoja ameacha kazi mwenyewe, kwa hiari yake. Watu 14 kuamka asubuhi moja na hiari moja! Hapo mwaona wazi kwa nini neno lile lilichaguliwa.

6. "SUSPEND" NA "LAY OFF" – KUSIMAMISHWA

Maneno haya mawili sisi hutafsiri kwa neno moja, kusimamishwa. Lakini sababu zake ni mbali.

"Suspend" ni kusimamishwa kwa sababu kuna uchunguzi wa kosa. Hujafukuzwa. Wewe bado ni mfanyakazi. Sheria ya Uganda inampa tajiri ruhusa ya kukuweka kando kwa nusu mshahara, na muda huo usizidi wiki 4. Uchunguzi ukiisha mapema, na kusimamishwa kuishe. Kuna watu wamesimamishwa, wakaona haya, wakarudi kijijini kulima. Wamejitoa wenyewe kazini bila kuambiwa na mtu.

"Lay off" ni kuwekwa nyumbani kwa sababu kazi haipo, kwa mfano mashine imevunjika au mali ya kutengeneza imekosekana. Tahadhari na neno hili, maana wenye lugha yao wenyewe hawaafikiani. Katika sheria ya Uingereza ni kuwekwa nyumbani kwa muda, na utaitwa tena. Katika Marekani siku hizi mara nyingi ni kutolewa kabisa. Kwa hiyo ukipewa barua yenye neno hili, uliza: "Narudi tarehe ngapi?" Kama tarehe haipo, sema iandikwe.

7. "RETIRE" – KUSTAAFU

Huku ni kumaliza kazi kwa ajili ya umri. Si kosa na si kujitoa. Aliyestaafu huondoka na heshima yake na haki zake. Mzee asikubali kuandikiwa "resign" wakati umri wake wa kustaafu umefika.

8. "ABSCOND" – KUTOROKA

Ni kupotea kazini bila kusema. Mfanyakazi aliyeacha kazi na kutoonekana zaidi ya siku 3 bila kueleza sababu, sheria inamwondolea malipo ya kuachishwa. Jambo hili linawapata zaidi wakata miwa na wachuma chai wa mbali. Simu inapigwa usiku, mama amefariki Arua au Kisoro, mtu anapanda basi alfajiri, anarudi baada ya wiki moja, anakuta jina lake limeandikwa mtoro. Msiba ni sababu ya kweli, lakini sababu isiyosemwa haijulikani. Mwambie nyapara, mwambie na mjumbe wa chama, tena mbele ya shahidi, au tuma ujumbe wa simu na usiufute.

MANENO YA MTAANI

Kuna maneno mawili ambayo mtayasikia kila siku, "sack" na "fire". "Sack" ni gunia au mfuko. Husemwa kwamba zamani fundi akimaliza kazi kwa bwana wake alirudishiwa mfuko wa zana zake. "Fire" ni moto. Haya ni maneno ya mdomoni, ni kama neno letu "amepigwa kalamu". Hayana kipimo katika sheria. Bwana akikuambia kwa mdomo "You are fired", usibishane naye juu ya moto. Mwambie kwa adabu, "Naomba barua, bwana." Barua ndiyo itakayosema ni neno gani kati ya yale manane.

JIRANI ZETU WANASEMAJE

Wengi wetu tuna ndugu wanaofanya kazi ng'ambo ya mpaka, na barua zao hutuletea tusome. Angalieni, neno moja halina kipimo kimoja kila nchi.

Kenya, katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, hutumia neno "redundancy" kwa kupunguzwa. Tajiri humpa Ofisa wa Kazi na chama taarifa isiyopungua mwezi 1, na aliyepunguzwa hulipwa mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi.

Tanzania, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ilitumia neno "retrenchment". Na kiinua mgongo cha aliyeachishwa baada ya kufanya kazi mwaka mzima kiliwekwa kuwa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, usizidi miaka 10.

Hapa kwetu Uganda sheria ya 2006 inataja malipo ya kuachishwa, nayo haikuweka idadi ya siku. Imesema hesabu yake ipatanwe kati ya tajiri na wafanyakazi au chama chao. Mmesikia hilo? Kule jirani sheria yenyewe imehesabu. Kwetu sheria imekiachia chama hesabu. Mahali ambapo chama ni dhaifu, hesabu nayo ni dhaifu. Ndiyo sababu kila tawi liulize: katika mkataba wetu na kampuni imeandikwa siku ngapi kwa mwaka?

SHERIA INASEMA BARUA IELEWEKE

Sasa nawapa jambo ambalo lingeniokoa mimi mwaka ule, kama ningelijua. Sheria ya 2006 inasema notisi ya kumaliza kazi iwe ya maandishi, na iwe katika namna na lugha ambayo mfanyakazi aweza kutazamiwa kuielewa. Sheria ya Kenya ya 2007 nayo inasema, kama mfanyakazi hawezi kuielewa barua, aelezwe kwa mdomo katika lugha anayoijua.

Kwa hiyo ukisema "Nisomee kwa Kiswahili," huombi msaada wala hujiaibishi. Unadai haki yako. Anayepaswa kuona haya ni yule aliyeandika barua ya mchuma chai kwa lugha ya mahakama.

LA KUFANYA SIKU UKIITWA OFISINI

Kwanza, usitie saini neno usilolijua. Sema, "Nitaisoma kwanza pamoja na mjumbe wa chama." Kama wakikulazimisha kuonyesha kwamba umeipokea, andika "Nimepokea" na tarehe, usiandike zaidi.

Pili, tafuta maneno "full and final". Maana yake ni kwamba umepokea kila kitu na hudai tena. Ukiyatia saini umefunga mlango kwa nyuma na ufunguo umeuacha ndani.

Tatu, jua haki ambazo hazitegemei neno lo lote. Mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako hata kama umefukuzwa kwa kosa, na sheria inasema ulipwe katika siku 7 tangu kazi kuisha. Akiba yako ya NSSF, ile 5 kwa mia iliyokatwa kwako na 10 kwa mia ya tajiri, ni yako, kufukuzwa hakuifuti. Na ukiomba cheti cha utumishi, tajiri ni lazima akupe.

Nne, watu wa mbali wasisahau nauli. Mfanyakazi aliyefikisha miaka 10 kwa tajiri mmoja ana haki ya kurudishwa kwao kwa gharama ya tajiri.

Tano, hesabu siku. Mashtaka ya kuonewa yapelekwe kwa Ofisa wa Kazi katika miezi 3. Ofisa aweza kukubali yaliyochelewa kama kuna sababu nzuri, lakini "sikujua" na "niliona haya" ni sababu nyembamba sana. Mimi nilizijaribu zote mbili.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

Mjumbe asome maswali haya kwa sauti, na kila mtu ajibu kwa yale maswali mawili: nani amemaliza, na kwa sababu gani?

1. Mama mmoja wa idara ya kupanga majani ameambiwa mashine imeharibika, akae nyumbani "mpaka tutakapomwita". Barua haina tarehe. Ni neno gani hilo, naye aulize nini?

2. Kijana amekutwa na kilo 2 za sukari katika begi. Ameambiwa, "Usirudi kesho." Hakuitwa kujieleza. Je, ana haki yo yote, hata kama ni kweli alichukua?

3. Watu 6 wametolewa mwezi wa kwanza na watu 5 mwezi wa pili, wote kwa sababu ya mashine mpya. Je, tajiri alipaswa kukiambia chama? Hesabuni.

4. Mzee wa miaka 12 kazini amepewa karatasi yenye neno "resign" na pesa za mwezi 1. Mwambieni ni miezi mingapi inayokosekana.

Ndugu zangu, majembe na mapanga yetu tunayanoa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Neno nalo ni chombo, na mwenzetu wa ofisini amelinoa la kwake tangu zamani. Sisi hatutazamiwi kujua Kiingereza chote. Tujue haya manane tu, na la tisa ambalo ni la Kiswahili, alilonifundisha mzee yule wa West Nile: "Nisomee."

Likatwe somo hili, libandikwe katika ukuta wa tawi. Asiyejua kusoma, asomewe.